Mama, Nimefika Salama

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimesimama katikati ya chumba cha mama, simu yake mkononi mwangu. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na maneno matatu tu: "Mama, nimefika salama."

Na wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea, nisikuache nje.

Mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wa mama, tumemzika. Basi alilopanda liliacha njia, likapinduka, likawaka moto. Sanduku tuliloletewa lilikuwa limepigwa misumari, na waliolileta walitukanya tusilifungue, tubaki na sura tunayoikumbuka. Tukatii. Kompyuta yake, tuliambiwa, iliteketea pamoja naye.

Mimi na yeye tulikuwa ofisi moja, meza zinagusana. Tunatengeneza programu za mtandaoni. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya kliniki ya figo: mgonjwa akishaandikishwa, siku moja kabla ya miadi simu yake inapokea ujumbe wa kumkumbusha aje. Alipokufa, kazi hiyo niliirithi mimi.

Msibani mama hakutoa hata chozi. Alipokea wageni, akauliza kama wamekula, akawasindikiza mpaka barabarani. Watu walinong'ona kwamba uchungu umemkausha. Ilikuwa baadaye, viti vya kukodi vimesharudishwa, ndipo alipoanza kuisha. Akalala akiukabili ukuta, simu chini ya mto. Chakula anakigusa kama anapima moto wake, kisha anasukuma sahani. Daktari hakutuficha: ugonjwa hana, lakini akiendelea hivyo tutampoteza.

Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo siku ujumbe ulipoingia.

"Amefika," mama alisema.

"Nani, mama?"

"Ndugu yako. Si umesoma? Au hujui kusoma siku hizi?"

Alikuwa ameketi kitandani. Mwenyewe. Hakuna aliyemwinua.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama anayeishi nasi, alininyang'anya simu akaisogeza mbali na macho. "Dada, huu umetoka namba fupi ya kliniki. Si namba ya mtoto."

"Hiyo kliniki ya kwenye simu aliitengeneza nani?" mama alimkata kauli. "Atatuma kwa njia anayoiweza. Ana sababu zake."

Nilitaka kuuliza sababu gani. Simu ikalia tena.

"Mama, nimefika salama."

Kabla mama mdogo hajaiweka chini, ikalia tena. Na tena. Maneno yale yale, bila nukta kuongezeka. Mama mdogo akaitupia kitandani na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati.

"Hii simu imeingiwa na nini?"

Mama alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka na anacheka, anaipapasa ile simu. "Ana haraka," alisema. "Tangu mdogo ana haraka huyu."

Nilikimbilia chumbani kwangu, kwenye kompyuta.

Hapa niwaeleze kidogo kazi yetu ilivyo. Programu ikishatengenezwa, haiendi kwa watu hivi hivi. Unaifungasha kama mtu anayehama nyumba: yenyewe, mipangilio yake, na kila kitu inachokitegemea, vyote kifurushi kimoja. Unakipandisha kwenye seva, yaani kompyuta iliyo mbali ambayo haizimwi mchana wala usiku. Kule kinafunguliwa, programu inaamshwa, watu wanaitumia. Asubuhi ile kliniki ilikuwa inahamia seva mpya, na mfungashaji nilikuwa mimi. Mara ya kwanza bila yeye.

Enzi zetu tulikuwa tunafungasha wawili. Mmoja anaandika amri, mwenzake anasoma kwa sauti kilichobaki. Mipangilio? Ipo. Picha? Zipo. Neno la siri la hifadhidata? Lipo. Wenzetu walitucheka kwamba tunaimba. Asubuhi ile sikuwa na wa kuniimbia, na nilisahau neno la siri.

Kwa hiyo programu ilikuwa inaamka, inakwenda kugonga hifadhidata, lile ghala la kumbukumbu za wagonjwa, inanyimwa mlango, inaanguka. Na seva niliiagiza mimi mwenyewe kwamba programu ikianguka, iiinue. Ikawa inaiinua, inaanguka, inaiinua, inaanguka.

Lakini ujumbe ulikuwa unatoka wapi? Nilipekua msimbo wa mdogo wangu, yaani maagizo aliyoiandikia programu, mstari kwa mstari. Nikaukuta. Ulikuwa mstari mmoja, umejibanza pale juu kabisa ambapo programu huanza kupumua. Unasema hivi: kila ukiamka, kabla hujafanya lolote, tuma ujumbe huu kwa namba hii.

Namba ya mama.

Alikuwa anaitumia simu ya mama kujaribia. Sote tunajaribia kwa simu za ndugu zetu, ni tabia mbaya na hakuna asiyeifanya. Alitaka kujua kama njia ya ujumbe inapitika, akamfanya mama kuwa kengele yake. Mama akipigiwa kengele anampigia simu, "Umefika wapi, mwanangu?" naye anajua kazi imepanda salama. Kwenye seva ya zamani programu haikuwahi kulala tangu afe, ndiyo maana ule mstari ulinyamaza. Mimi ndiye niliyeuamsha.

Niliizima programu. Nikainamisha kichwa juu ya meza nikalia, kwa sababu maneno yale alikuwa ameyachagua mwenyewe. Angeweza kuandika "jaribio." Hakuandika.

Nilifuta uso nikatoka kumweleza mama ukweli. Nilikuwa nimeshaupanga mdomoni. Mama, ni mashine. Mama, ni kosa langu.

Nikamkuta jikoni, amevaa viatu, anakula.

"Mwanangu," aliniambia bila kugeuka, "hii mboga mnaila hivihivi? Chumvi mmemwachia nani?"

Nilifungua mdomo niseme. Mama mdogo alinishika mkono akanivuta mpaka ukumbini.

"Najua unataka kusema nini. Kinakuwasha hapo mdomoni. Meza."

"Mama mdogo, ile ni programu. Inaanguka na kuinuka. Hakuna mtu pale."

"Sikukuuliza kuna nani. Nimekuuliza mama yako anafanya nini?"

"Anakula."

"Basi. Wewe na chuo chako chote, tangu lini umemfanya ale? Ukimwambia leo, mimi na wewe hatutajuana."

Nikameza.

Siku iliyofuata Bosi alikuwa ananingoja mlangoni mwa ofisi. Ofisi yetu iko juu ya duka la fundi cherehani, vyumba viwili, na cherehani zikishika kasi chini meza zetu zinatetemeka. Bosi sisi tunamwita Haraka, kwa kuwa hana neno jingine. Lakini asubuhi ile hakuwa na haraka. Alikuwa ameketi kwenye kona ya meza ya marehemu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Sweta la mdogo wangu lilikuwa bado liko mgongoni mwa kiti.

"Kliniki wamenipigia," alisema. "Wagonjwa wa miadi ya leo hawakupata ujumbe jana. Mmoja hakuja. Wale ni watu wa mashine ya kusafisha damu, wakikosa siku moja wanavimba. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Bosi."

"Unaiweza hii kazi, au nimpe mtu mwingine? Sema tu, sitakasirika. Naona macho yako."

"Naiweza."

Niliketi nikafungasha upya, safari hii nikijiimbia mwenyewe kwa sauti ya chini. Mipangilio? Ipo. Picha? Zipo. Neno la siri? Lipo. Kisha nikarudi kwenye ule mstari wenye namba ya mama, nikaufuta. Ulikuwa kama vumbi, pumzi moja umekwisha. Nilihisi namzika mara ya pili, na mara hii sina wa kunishika bega.

Kifurushi kikapanda. Programu ikasimama, haikuyumba. Wagonjwa wakapata ujumbe wao.

"Safi," Bosi alisema nyuma yangu. "Na funguo?"

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo yalipoanza kuniendea mrama nami sijui.

Kuingia ndani ya seva si kwa neno la siri. Kila fundi ana ufunguo wake, na huo ufunguo unakaa ndani ya kompyuta yake, hauazimwi. Seva yenyewe inaweka orodha ya wanaoruhusiwa. Kwenye seva ya zamani tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu. Ukihamia seva mpya, unahamisha na ile orodha.

"Wa marehemu umeufuta?" Bosi aliuliza.

"Nimeufuta."

Sikuufuta. Nilifika pale kwenye jina lake, nikaweka kidole juu ya kitufe, na moyo ukagoma. Niliona nikimfuta na hapa, atabaki wapi? Kompyuta yake si imeungua? Ufunguo ulioungua utamfungulia nani? Nikauacha. Nikamhamisha ndugu yangu pamoja nami kwenye nyumba mpya, nikamwachia haki yake ya kuingia.

Jioni niliporudi nyumbani, mama alikuwa sebuleni, simu mapajani.

"Leo hajasema kitu," aliniambia.

"Nani?"

Akainuka akaenda chumbani na simu yake.  Kesho yake hakuja mezani. Keshokutwa yake nilimkuta ameukabili ukuta, simu chini ya mto, sahani imejaa vilevile nilivyoiacha.

Mama mdogo alinisubiri nimalize kufunga mlango.

"Umefanya nini?"

"Nimetengeneza. Kulikuwa na kosa, nimelitoa."

"Basi nenda kalirudishe."

"Mama mdogo, huko ni kumdanganya."

"Mwanangu, mimi dada yangu ni mmoja." Sauti yake ilikatika. Sikuwahi kumwona analia, wala siku ya mazishi. "Mmoja tu. Kalirudishe."

Sasa naungama, na ninaungama mbele yenu nyote mnaonisoma. Nililirudisha.

Vifurushi vya zamani hatuvitupi. Vinakaa vimepangwa, kila kimoja na alama yake, ili kipya kikileta balaa urudi nyuma. Kile chenye kosa, kile chenye mstari wa mama, kilikuwa bado kipo. Nilikipandisha kando, mbali na ile programu ya wagonjwa, nikaiagiza seva kwamba hiki kikianguka, kiache kilale. Nikabonyeza.

Kiliamka. Kikatuma. Kikaanguka.

Upande wa pili wa ukuta nikasikia simu ya mama ikilia, kisha kimya. Kisha nikasikia kitanda kinalia, na nyayo.

"Jamani," mama aliita, "hakuna hata chai humu ndani?"

Niliziba mdomo kwa mikono yote miwili nisisikike.

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nampa mama ujumbe wake kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Namwamsha marehemu, anasema amefika, anaanguka. Mama anakula. Mimi naoga, navaa, naondoka. Nilianza hata kuuzoea ule utaratibu, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Mama akarudi mwilini. Akaanza kufagia uani. Akamgombeza jirani kwa jambo la maji. Siku moja nilirudi nikakuta mlango wa chumba cha mdogo wangu uko wazi. Chumba kile hatukukigusa tangu msiba. Godoro lilikuwa nje juani, mashuka yamefuliwa, dirisha limefunguliwa pande zote. Kwenye meza yake ndogo kulikuwa na taulo safi limekunjwa na kipande kipya cha sabuni juu yake.

"Mama, unamwandalia nani?"

"Chumba kikifungwa sana kinanuka," alijibu. Hakuniangalia usoni.

Nilijiambia ni huzuni. Huzuni ina mambo yake. Na mimi ndiye niliyeilisha.

Wiki hiyohiyo Bosi aliniita. Alikuwa amefungua kwenye kompyuta yake ripoti ambayo seva humtumia, ameikunjia uso.

"Kuna kitu kidogo kinaamka na kuanguka pale kwenye seva kila asubuhi. Ni wewe?"

"Ni mimi. Najaribu jambo."

"Haya. Na ile ya mchana?"

"Mchana?"

"Kuna mtu anaingia mchana. Haharibu kitu. Anaingia, anakaa, anatoka."

Mchana mimi niko ofisini, mbele ya macho yake. "Labda ni kliniki wanachungulia," nilisema.

"Kliniki hawana ufunguo."

"Basi labda seva inajikagua yenyewe."

Bosi aliguna. Yeye ni mtu wa mikataba, mambo ya seva anayasoma kwa kubahatisha, nami nilimpa kisogo nikarudi kwenye kiti changu. Sikutaka achimbe. Akichimba atakuta namfufua mtu kila siku. Ningejua, ningemshika mkono tukachimba wote.

Usingizi ulinipotea. Nikawa nasikia simu ya mama hata isipolia. Nikiwa ofisini, cherehani zikitulia chini, nahisi kiti cha pembeni kimevutwa kidogo, nageuka, naliona sweta tu. Nilifika mahali nikasema imetosha. Nitamtumia mama ujumbe wa mwisho, ale, ashibe, apate nguvu, kisha nitakaa naye nimwambie yote. Afadhali anichukie akiwa hai.

Nikamwarifu Bosi kwamba siku hiyo sitakwenda kazini. Mama mdogo alikuwa ametoka kwenda dukani. Nilijifungia chumbani, kimya kimya, mama akidhani labda bado nimelala. Nikaingia kwenye seva. Nikamwamsha marehemu.

Akasema amefika. Akaanguka.

Nikasikia simu ya mama sebuleni. Nikangoja nisikie vyombo vya jikoni. Sikuvisikia. Nilichosikia ni vile vitufe vya simu yake vinavyolia kila akigusa herufi, maana hajawahi kujua kuvizima. Kimoja. Kingine. Polepole. Mama alikuwa anaandika.

Hakuwahi kujibu. Siku zote hizo alikuwa anapokea tu.

Majibu ya wagonjwa huwa yanaingia kwenye programu, na mhudumu wa mapokezi pale kliniki anayasoma. Lakini namba ya mama haikuwa ya mgonjwa. Jibu lake lisingeonekana kwa mtu yeyote isipokuwa aliye ndani ya seva kabisa, amesimama mlangoni ujumbe unapopita. Na niliyekuwa ndani nilikuwa mimi.

Likaingia. Nikalisoma.

"Mwanangu Mungu ni mkubwa. Nimengoja ujumbe wako mpaka nikataka kufa. Ulisema ukifika utatuma nami nikaona kimya. Sasa moyo umetulia. Chumba nimekisafisha. Lakini usije asubuhi hii dada yako bado yupo. Sijamwambia kitu kama ulivyoniapisha. Ngoja aende kazini."

Nililisoma tena. 

Kwa hiyo ndiyo maana hakulia. Watu walisema uchungu umemkausha, kumbe mama hakuwa na msiba. Alikaa kwenye lile kundi la waombolezaji, akapokea mikono ya pole, akalitazama lile sanduku likishuka, na moyoni anajua mwanawe yuko njiani. Aliugua pale ujumbe wa kufika ulipochelewa. Alikuwa anangoja maneno yale yale matatu, na mimi, kwa mkono wangu, bila kujua, nikampa.

Nimemwambia mama yangu kwamba mwanawe amefika. Na sijui kama amefika. Sijui alikuwa anakwenda wapi. Sijui alimwapisha asiniambie nini, mimi dada yake, ambaye meza yangu ilikuwa inagusa yake.

Na kama alikuwa safarini, yule tuliyemfukia ni nani?

Nilisogeza kiti nyuma. Mikono yangu ilikuwa mapajani, naapa, yote miwili. Sikugusa kitufe. Kifurushi kilikuwa kimelala, nimekiona kikianguka kwa macho yangu. Programu ya wagonjwa haikuijua hata hiyo namba, nilishaifuta.

Na pale kwenye kioo, chini ya maneno ya mama, mstari mpya ukajiandika. Ujumbe unatoka. Unakwenda kwa namba ya mama.

"Sawa, mama. Nangoja atoke."

Sebuleni simu ikalia.

Kuna amri fupi ya kuiuliza seva ni nani waliomo ndani kwa wakati huo. Niliiandika nikikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena. Seva ikajibu kwamba tuko wawili. La kwanza lilikuwa jina langu. La pili nilikuwa nimelihamisha mwenyewe, kwa kuwa moyo uligoma kulifuta.

Jina lilikuwa pale, halitikisiki. Halikuwa kifurushi kilichoamka kikaanguka. Alikuwa mtu ameketi mahali, na ufunguo wa mdogo wangu mkononi, na ananiona kama ninavyomwona.

Nikasikia nyayo za mama zinakuja ukumbini, nyepesi, nyayo za mtu mzima wa afya. Zikasimama nje ya mlango wangu. Akagonga kwa kidole kimoja, taratibu, kama alivyokuwa anatuamsha tukiwa watoto.

"Mwanangu," aliita, na sauti yake ilikuwa na upole ambao sijausikia miaka mingi. "Leo huendi kazini?"